Migomba inayonyauka, mahindi ya rangi ya roze na hofu ya OGM

Swali: «Papa Agronomu, jambo. Niko mama mkulima wa Kabare, nauzishaka ndizi ku soko ya Kadutu, Bukavu. Migomba yangu inakauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati na ndani ziko na alama ya kahawia. Watu wanasema Uganda kuko ndizi ya OGM yenye haishikwe na ugonjwa, waliiweka kitu cha pilipili. Mchungaji wetu anasema OGM inafanya watu wasizae. Na mahindi ya rangi ya roze nilinunua mwaka jana, nilipopanda tena mbegu yake ikazaa kidogo: ile ilikuwa OGM? Dada yangu wa Masisi anataka kunitumia miche ya migomba. Nipande nini?»

Mama, aksanti kwa kuandika. Umeuliza mambo manne kwa pamoja. Kwa asiyejua, OGM ni kiumbe ambacho wanasayansi wamekibadilisha jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya chembe zake. Nitaanza na ugonjwa, kwa sababu huo unakula shamba lako leo, tena unaweza kuuzuia bila kungoja mtu yeyote wa maabara.

Ndizi kuiva kabla ya wakati huku nyama yake ina madoa ya kahawia ni dalili ya mnyauko wa bakteria. Hakikisha kwanza, maana upo mnyauko mwingine, wa kuvu, unaofanana nao kwa mbali. Kata shina la mgomba unaoumwa, ungoje robo saa hivi, kisha tazama palipokatwa. Ukiona utomvu mzito wa manjano unachuruzika kwa matone madogo, ni bakteria. Tazama pia ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu: mgomba wenye bakteria mara nyingi ua hilo linasinyaa na kukauka likiwa bado linaning'inia. Mnyauko wa kuvu hautoi utomvu wa namna hiyo, wala hauchafui ndizi kwa ndani. Huo huanza na majani ya chini kugeuka manjano na kuvunjika.

Bakteria huyo ni wa jamii ya Xanthomonas. Aliandikwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Ethiopia, kwenye mmea ndugu wa mgomba ambao Wahabeshi hula kisiki chake. Mwaka 2001 akaonekana kwenye migomba ya Uganda, na wakati huohuo upande wetu wa Kongo akaonekana Masisi, Kivu ya Kaskazini. Hapo ndipo miche ya dada yako inaponitia wasiwasi, lakini hilo nitalirudia mwishoni.

Anasafiri kwa njia tatu. Wadudu wanaonyonya ua dume wanambeba kutoka mgomba hadi mgomba. Miche inayochukuliwa kwenye shamba lenye ugonjwa inaondoka naye ndani, hata kama inaonekana mizima. Na panga. Kadiri unavyopanda milimani wadudu wanapungua, na kwenye vilima vyetu vya Kabare na Walungu panga ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Fikiria asubuhi ya kawaida: mtoto anatumwa kukata majani ya migomba kwa ajili ya mbuzi. Anakata mgomba wa kwanza, wa pili, wa tano, hafuti panga. Kama wa kwanza ulikuwa na bakteria, amewaambukiza wengine wanne kabla ya kwenda shule, na dalili zitaonekana wiki nyingi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka asubuhi ile. Mara nyingi mama anapolaumu udongo au uchawi wa jirani, mimi huuliza nani anakata majani ya mbuzi.

Zamani tuliwaambia wakulima wang'oe kisiki chote, pamoja na watoto wake. Kazi hiyo inavunja mgongo na inaacha familia bila ndizi, kwa hiyo wengi walikataa, nami siwalaumu. Baadaye watafiti walifanya majaribio hapahapa Kivu ya Kusini, kwenye kituo cha Mulungu cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, na kwenye mashamba ya watu, wakagundua kwamba bakteria mara nyingi hafiki kwenye machipukizi yote ya kisiki kimoja. Unakata lile shina moja linaloumwa, usawa wa ardhi, mara tu unapoona dalili, na unawaacha watoto wengine wakue. Unapita shamba zima kila wiki bila kuruka. Mashamba yaliyofuata hivyo bila kulegea yaliona ugonjwa ukishuka mno ndani ya mwaka mmoja. Lakini kupita leo halafu kurudi baada ya miezi miwili hakusaidii kitu, nakwambia wazi.

Pamoja na hilo, fanya mambo haya. Ua dume likishaachana na ndizi ya mwisho ya mkungu, lisokote na kulivunja kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa panga. Kila unapotoka kwenye mgomba mmoja kwenda mwingine, pitisha panga kwenye moto mpaka liwe la moto sana, au lioshe kwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Mimi napenda moto, kwa sababu javeli ya sokoni mara nyingine imeongezwa maji mengi, na ikikaa huishiwa nguvu yenyewe. Mbuzi wapate majani mengine kwa miezi kadhaa. Vipande vya mgomba mgonjwa virundike pembeni ya shamba. Visiburutwe kwenye njia ya watu.

Sasa tuje kwenye ndizi ya pilipili. Si uvumi mtupu, na ninafurahi kuieleza kwa sababu inasimuliwa vibaya pande zote mbili.

Aina za ndizi tunazolima na kula karibu zote zinashikwa na bakteria huyu. Zipo zinazoponyoka kidogo kwa sababu ua lao halimpi mdudu mlango, lakini ukizikata kwa panga chafu zinakufa. Njia ya kawaida ya kutafuta dawa ni kupandanisha: unachukua mmea unaostahimili, unaupa chavua ya mwingine, unachagua watoto wazuri. Kwa mihogo njia hiyo ilifanya kazi kubwa. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha Amani katika milima ya Usambara, Tanganyika ya wakati huo, Storey na Nichols walipandanisha muhogo na ndugu yake wa porini, ule mti wa mpira wa Ceará, ili kupata kinga dhidi ya batobato, ugonjwa unaokunja majani ya muhogo na kuyatia mabaka. Uzao wa kazi ile ulipelekwa Ibadan, Nigeria, na mihogo mingi bora inayolimwa Afrika leo ina damu yake. Hapa Kongo, mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kule Yangambi kwamba ukipandanisha mchikichi wenye kokwa nene na ule usio na kokwa, unapata mchikichi wenye nyama nyingi na kokwa nyembamba. Mashamba makubwa ya michikichi duniani, hata Malaysia na Indonesia, yanasimama juu ya ugunduzi huo wa kwetu. Natamani watoto wetu wafundishwe hilo shuleni.

Mgomba ni mgumu. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Mmea wake umebeba seti tatu za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, badala ya mbili, kwa hiyo karibu hauzai kwa njia ya maua. Unaendelea kwa machipukizi tu. Mtafiti anaweza kuchavusha mikungu mingi sana akapata mbegu chache mno, na kati ya hizo nyingi zisiote. Hata hivyo wameendelea: NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, wametoa ndizi za kupika zilizopatikana kwa kupandanisha, na mojawapo, Kiwangaazi, ilitolewa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2010. Hiyo si OGM. Inastahimili vizuri ugonjwa wa madoa meusi ya majani, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya bakteria wetu.

Ndipo timu ya IITA inayoongozwa na Leena Tripathi, pamoja na NARO, ikachukua njia nyingine. Walichukua jeni mbili za pilipili hoho, ile tamu isiyowasha tunayotia kwenye mchuzi, zilizotolewa na taasisi ya Academia Sinica ya Taiwan, wakaziingiza kwenye chembe za mgomba. Jeni hizo hazileti ukali wala ladha ya pilipili. Kazi yake ni kuharakisha kinga ambayo mmea tayari unayo. Umeona moto unapozuka Kadutu, kwenye nyumba za mbao zilizobanana: majirani hawapotezi muda kwenye nyumba inayowaka, wanabomoa haraka zile za pembeni ili moto ukose pa kwenda. Mgomba wenye jeni hizo unafanya vivyo hivyo. Chembe zinazomzunguka bakteria zinajiua upesi, naye anabaki amefungiwa. Mwaka 2010 migomba hiyo ilipandwa Kawanda, karibu na Kampala, ndani ya uzio uliolindwa, ikachomwa sindano ya bakteria kwa makusudi. Mingine iliugua, mingine ilisimama mizima, mama na watoto wake.

Matokeo hayo ni mazuri. Lakini ndizi hiyo haijatolewa kwa wakulima wa Uganda. Bunge lao lilipitisha muswada wa sheria ya usalama wa bayoteknolojia mwaka 2017, na tena mwaka 2018, na mara zote mbili Rais Museveni hakutia saini. Kwa hiyo mtu akikuletea Kadutu mche na kusema ni «OGM ya Uganda isiyougua», anakudanganya. Anakuuzia mche wa kawaida kwa bei ya juu, na huenda una ugonjwa uleule unaoukimbia.

Na hata ungekuwa wa kweli, usingefaa kuvuka mpaka ndani ya kikapu. Kongo ni mwanachama wa Protokali ya Cartagena, mkataba uliokubaliwa mwaka 2000 na kuanza kufanya kazi mwaka 2003. Kiini chake ni hiki: nchi isiletewe kiumbe hai kilichobadilishwa jeni kwa ajili ya kupandwa bila kuarifiwa kwanza, kupima hatari zake na kukubali yenyewe. Wapo wanaoona kipengele hicho ni ukiritimba wa ofisi. Mimi nakitetea kwa nguvu zangu zote, kwa sababu ndicho kinachompa mama wa Kabare haki ya kuulizwa.

Wataalamu wa usalama wanapima nini hasa? Hawaulizi kama «OGM ni nzuri au mbaya». Wanauliza juu ya mmea huu, wenye jeni hii, mahali hapa. Jeni imetoka wapi, na watu wamewahi kula kitu kilicho nayo? Protini yake inafanana na zile zinazojulikana kuleta mzio au sumu? Chavua itakwenda wapi? Kuna ndugu wa porini wa kupokea chavua hiyo? Wadudu na viumbe wa udongo watapatwa na nini? Na jambo likiharibika, nani anaweza kuliondoa shambani?

Kwa ndizi ya pilipili, majibu mengi yanatuliza. Pilipili hoho imeliwa na vizazi vingi. Mgomba wetu karibu hauzai kwa chavua, kwa hiyo jeni haiwezi kurukia shamba la jirani kwa upepo. Mahindi ni kinyume chake kabisa: chavua yake inasafiri na upepo, na shamba moja la mahindi ya OGM linaweza kuchanganya mbegu za kijiji kizima kabla ya mtu kujua. Ndiyo maana mtu anayeniuliza msimamo wangu juu ya «OGM zote» hapati jibu moja.

Tena upimaji huo si wa kuigiza. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya Marekani ilikuwa inatengeneza soya yenye jeni ya kokwa za Brazil, ili iwe na protini bora kwa mifugo. Vipimo vikaonyesha kwamba jeni ile ilihamisha pia kile kinachowaletea mzio watu wasiopatana na kokwa hizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, na soya ile haikuuzwa. Hatari ilionekana kabla ya kufika sahani ya mtu. Lakini mwaka 2000 huko huko Marekani, mahindi yaitwayo StarLink, yaliyoruhusiwa kwa mifugo tu, yalikutwa kwenye chakula cha watu, na bidhaa nyingi zikalazimika kurudishwa kutoka madukani. Kibali kilikuwa kimeandikwa vizuri. Kilichoshindwa ni kutenganisha magunia. Nikiwaza hilo, nawaza barabara zetu, maghala yetu na masoko yetu, ambako gunia la Kalehe na la Cyangugu ya Rwanda yanakutana chini ya turubai moja bila karatasi. Wasiwasi wangu mkubwa kwa Kongo uko hapo, kwenye uwezo wa kufuatilia, kuliko kwenye jeni yenyewe.

Nina wasiwasi wa pili. Bakteria hubadilika. Kinga inayosimama juu ya jeni moja au mbili inaweza kuvunjwa siku moja, hasa kama vilima vyote vimepandwa aina ile ile. Kwa hiyo hata ndizi hiyo ikija kwa njia halali, moto wa kuchomea panga hautazimwa. Kuhusu umiliki, jeni hizi za pilipili zilitolewa kwa Afrika bila malipo ya hataza, ile haki ya kumiliki uvumbuzi, kupitia AATF, shirika la teknolojia ya kilimo la Nairobi. Mbegu nyingine za OGM hazina mpango huo, nazo zinahitaji kuulizwa swali hilo mapema.

Ningependa majaribio yafanyike siku moja Mulungu na katika vyuo vyetu vya Bukavu, ndani ya uzio, na vijana wetu wenyewe wakiandika walichokiona. Kenya ilizuia uingizaji wa vyakula vya OGM mwaka 2012, ikaondoa katazo hilo mwaka 2022, na katikati ya miaka hiyo iliendelea kufundisha wataalamu wake. Nigeria iliruhusu kunde inayojikinga na funza mwaka 2019 baada ya majaribio ya Wanigeria wenyewe. Anayekataa na anayekubali wote wanahitaji watu wa kupima. Sasa kuna pia njia ya kuhariri jeni, ambapo mmea haupewi jeni ya mmea mwingine, bali jeni yake yenyewe inazimwa. Timu ileile ya Tripathi ilichapisha mwaka 2021 kazi ya namna hiyo kwenye mgomba: walizima jeni moja ambayo ikiwa hai inadhoofisha kinga, na migomba ikamstahimili bakteria vizuri zaidi. Mjadala huo utatufikia, tuwe tayari au la.

Nije kwa mchungaji wako. Hakukosea kuuliza, chakula cha waumini wake ni jambo linalomhusu. Ila habari aliyopewa imechanganya vitu viwili. Mwaka 1998 kampuni moja ya pamba na wizara ya kilimo ya Marekani walipata hataza ya mbinu ya kufanya mbegu ya kizazi cha pili isiote, ili mkulima arudi dukani. Dunia ilikasirika, na kwa haki. Mwaka 2000 nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilipendekeza mbinu hiyo isiruhusiwe mashambani, na haijawahi kuuzwa. Habari ya mbegu isiyoota ilipopita midomo mingi ikageuka kuwa habari ya mwanamke asiyezaa.

Jeni ya mmea ukiila haiingii kwenye uzazi wako. Kila sahani ya bugali na sombe ina jeni nyingi sana za muhogo, na tumbo linazimeng'enya pamoja na chakula kingine. Mwambie pia mchungaji, kwa heshima, kwamba ndizi ni tunda la mmea usiozaa mbegu, na Washi, Wahavu na Warega wameila vizazi kwa vizazi huku wodi za wazazi zikijaa. Kama anataka mfano wa OGM yenyewe: Afrika Kusini inalima mahindi meupe ya OGM tangu mwaka 2001, na ndiyo bugali ya kila siku ya mamilioni ya watu huko. Hayo hayamzuii kudai kila mbegu mpya ipimwe. Adai, tena kwa sauti.

Sasa mahindi ya roze. Rangi ile ni dawa. Mbegu hupakwa dawa ya kuua kuvu, na mara nyingine ya wadudu, kisha hutiwa rangi ili mtu yeyote aone kwamba si chakula. Usiipike, usiwape kuku, na mikono ioshwe baada ya kupanda. Rangi haisemi lolote kuhusu OGM.

Kupungua kwa mavuno mara ya pili kunanionyesha kwamba ilikuwa chotara. Mbegu chotara hupatikana kwa kupandanisha mistari miwili ya mahindi iliyoandaliwa kwa miaka, na mtoto wao wa kwanza ana nguvu kuwashinda wazazi wote. Ukipanda mbegu uliyovuna kwake, sifa zinatawanyika: mmea huu mrefu, ule mfupi, mwingine bila gunzi la maana. Hakuna aliyekulaani wala aliyekufungia mbegu. Kosa ni la aliyekuuzia bila kukwambia. Kama huna uhakika wa fedha kila msimu, nunua mbegu ya mahindi ya kawaida iliyoboreshwa, ile unayoweza kurudia misimu kadhaa ukichagua magunzi mazuri ya katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani. Maharagwe hayana taabu hii kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe. Mbegu uliyochagua vizuri inabaki ileile. Hata yale maharagwe yenye chuma nyingi ambayo INERA na HarvestPlus, mpango wa mazao yenye lishe zaidi, wameyasambaza kwetu yalipatikana kwa kupandanisha tu, unaweza kuyarudia bila shaka.

Kuna udanganyifu mmoja wa kuangalia. Wapo wanaochukua mahindi ya kula, wanayapaka rangi, wanayafunga. Tafuta kwenye mfuko jina la aina, namba ya fungu, tarehe ya kupimwa na alama ya SENASEM, idara ya taifa ya mbegu. Alama nayo inaweza kughushiwa, kwa hiyo pima mwenyewe kabla ya kupanda: hesabu punje 100, zipange juu ya kitambaa chenye unyevu, kikunje, kiweke mahali pa joto jikoni, ukirowanishe kila siku. Siku ya 7 hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, rudisha mfuko kwa aliyekuuzia ukiwa na kitambaa mkononi na mashahidi wawili.

Nipande nini, umeuliza. Pale ambapo kisiki chote kimekufa, usirudishe mgomba kwa miezi 6 angalau, ili bakteria aliyebaki kwenye udongo na kwenye mabaki afe. Panda maharagwe, kisha mahindi. Muhogo pia unafaa, lakini chagua vipande kwa macho yako mwenyewe kwenye shamba la mtu unayemjua, wakati majani bado yapo, ili uone kama kuna batobato; na omba ang'oe shina moja upasue mizizi, kwa sababu ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kujificha chini huku majani yanapendeza.

Migomba mipya ichukue kwenye shamba la jirani yako mwenyewe ambalo halijapata ugonjwa kwa muda mrefu, lile unaloliona kila siku. Ukipata miche ya maabara, ile midogo inayokuzwa kwenye chupa, ichukue bila hofu: kukuza mmea ndani ya chupa si kuubadilisha jeni, ni kuuzidisha ukiwa safi. Watu wengi hukataa miche hiyo wakidhani ni OGM, na wanaenda kuchukua ile yenye bakteria.

Kwa dada yako, mpigie leo, kabla hajapakia kitu kwenye lori. Masisi ni mahali ugonjwa huu ulipoonekana kwanza nchini mwetu, na mche unaweza kukaa na bakteria ndani miezi mingi bila jani hata moja kunyauka. Kuuchovya kwenye maji ya moto kunaua fukusi na minyoo ya mizizi, hakumfikii bakteria aliye ndani ya shina. Kama moyo wake unataka kukusaidia, atume maharagwe ya mbegu yaliyokauka vizuri, yasiyo na madoa. Na akija kukutembelea na panga lake, lipitishe kwenye moto kabla hajaingia shambani.